Kaliba Pekee Haimsimamishi Adui

Kaliba ni upana wa risasi na wa tundu la mtutu wake, unaotajwa kwa milimita au kwa sehemu za inchi, hivyo .45 ni inchi 0.45. Chukua risasi ya bastola ya kaliba ya .45, ambayo jeshi la Marekani liliitumia kama risasi yake rasmi ya bastola tangu mwaka 1911 hadi mwaka 1985. Ina uzito wa takriban gramu 15, na hutoka mtutuni kwa kasi ya karibu mita 255 kwa sekunde. Kisha chukua risasi ya bunduki ya milimita 5.56 inayotumiwa na nchi za muungano wa kijeshi wa NATO, yenye gramu 4 na kasi ya karibu mita 930 kwa sekunde. Ukizidisha uzito kwa kasi, utapata jibu linalokaribiana sana kwa zote mbili. Ukipima nishati, ya pili inaizidi ya kwanza zaidi ya mara tatu, kwani ina takriban juli 1,700 dhidi ya juli 480. Ukipima upana, ya kwanza ni nene mara mbili ya ya pili. Ipi basi ina nguvu zaidi ya kumsimamisha adui? Mbishi yeyote anaweza kuchagua kipimo kitakachompa jibu alilokwisha kuliamini kabla ya kuuliza, na kwa zaidi ya karne moja mabishano ya kaliba majeshini yameendeshwa kwa namna hiyo hiyo.

Ninaandika makala hii kwa sababu naamini mabishano hayo yameyagharimu majeshi mengi. Yamewafanya wakuu wa majeshi wachague silaha kwa kutazama upana wa tundu la mtutu, ilhali mambo yanayoamua kama askari wa upande wa pili ataendelea kupigana au ataanguka yako kwingine kabisa: mahali risasi inapopiga, kina inachofika, namna inavyojigeuza au kuvunjika ikiwa ndani ya mwili, na iwapo ilimpata mlengwa au ilimkosa. Kaliba ina nafasi yake katika mambo hayo yote, lakini ni nafasi ndogo kuliko inavyodhaniwa.

Kwanza tukubaliane tunapima nini. Kumsimamisha adui ni kumfanya aache kupigana papo hapo, na jambo hilo ni tofauti na kumuua. Mtu anaweza kujeruhiwa jeraha litakalomuua baada ya saa moja, na katika saa hiyo akawa amefyatua risasi zote alizobakiwa nazo. Mwili wa binadamu una njia mbili tu za uhakika za kushindwa ghafla. Ya kwanza ni kuharibiwa kwa ubongo au sehemu ya juu ya uti wa mgongo. Ya pili ni kupoteza damu kwa wingi mpaka shinikizo lake lishuke na ubongo ukose oksijeni, na hii huchukua muda. Hata moyo ukiharibiwa kabisa, oksijeni iliyobaki katika ubongo inaweza kumwezesha mtu kutenda kwa makusudi kwa sekunde 10 hadi 15. Iko pia njia ya tatu, ambayo madaktari wa vita wameiona mara nyingi: mtu huanguka kwa sababu amejua kuwa amepigwa, ingawa jeraha lenyewe lisingemzuia kuendelea. Majeruhi wengi huanguka kwa njia hiyo, lakini hakuna mhandisi awezaye kuitegemea, kwa kuwa inatokana na nafsi ya aliyepigwa. Mwenye hasira, mwenye imani kali au aliyelewa dawa hatoi nafasi hiyo.

Lipo wazo moja linalopaswa kuondolewa mapema, nalo ni kwamba risasi kubwa humwangusha mtu kwa kumsukuma. Risasi ya milimita 7.62 ya NATO ina gramu 9.5 na kasi ya takriban mita 850 kwa sekunde. Ikimpiga mtu mwenye kilo 80 na kubaki yote mwilini mwake, itampa mwendo wa takriban sentimita 10 kwa sekunde, yaani sehemu ndogo sana ya mwendo wa mtu anayetembea polepole. Kanuni ya Newton inatuambia jambo lile lile kwa upande wa pili: kama risasi ingekuwa na nguvu ya kumrusha anayepigwa, ingemrusha pia anayepiga. Askari anaposimulia kuwa adui alirushwa nyuma, hasemi uongo kuhusu alichokiona. Alichokiona ni misuli ya mwili kukaza au kulegea ghafla, pengine kwa kuguswa mishipa ya fahamu, wala si nguvu ya msukumo wa risasi.

Mjadala huu ulizaliwa pale bunduki zilipopungua kaliba. Hadi miaka ya 1880 bunduki za askari wa miguu zilikuwa na vipenyo vya karibu milimita 11, na risasi zake za risasi-madini tupu zilivunja mifupa vibaya sana. Mwaka 1886 Ufaransa ilileta bunduki ya Lebel ya milimita 8 yenye baruti isiyotoa moshi, na katika miaka michache mataifa makubwa yote yakafuata kwa vipenyo vya milimita 6.5 hadi 8. Theodor Kocher, daktari wa upasuaji wa Bern aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1909 kwa kazi yake juu ya tezi ya shingo, alikuwa amefanya majaribio mengi ya risasi na aliunga mkono risasi ndogo yenye gamba gumu la metali kwa sababu za utu: aliona kuwa inaacha jeraha safi ambalo daktari anaweza kulitibu. Sifa hiyo hiyo ndiyo waliyoilalamikia askari. Katika kampeni ya Chitral ya mwaka 1895, kwenye mpaka wa kaskazini-magharibi wa India ya wakoloni, wanajeshi wa Uingereza walidai kuwa risasi mpya ya kaliba ya .303 inawapita wapinzani wao bila kuwazuia. Karakana ya silaha ya Dum Dum, karibu na Kolkata, ikajibu kwa kutengeneza risasi ambayo ncha yake iliachwa bila gamba ili ipanuke ikigonga mwili.

Jibu la kidiplomasia lilikuja mwaka 1899 huko The Hague, ambako mataifa yalitoa tamko la kupiga marufuku risasi zinazopanuka au kutandazika mwilini. Marekani haikujifunga na tamko hilo, lakini kwa kiasi kikubwa majeshi yake yalifuata desturi hiyo hiyo. Ni muhimu msomaji akumbuke jambo hili kila anaposoma ulinganisho wa kaliba, maana sehemu kubwa ya takwimu zinazozungushwa katika mijadala hutoka kwa wawindaji na polisi, ambao hutumia risasi zinazopanuka. Askari hupewa risasi yenye gamba zima. Risasi ya aina hiyo ya kaliba fulani na risasi inayopanuka ya kaliba hiyo hiyo ni vitu viwili tofauti kabisa kwa tabia, na kuziweka katika jedwali moja ni kumpotosha msomaji.

Kisa kinachotajwa zaidi na wapenzi wa kaliba kubwa ni kile cha Ufilipino. Mwanzoni mwa karne ya 20 askari wa Marekani waliokuwa wakipigana na Wamoro, Waislamu wa kusini mwa visiwa hivyo, walitumia bastola za kaliba ya .38, na taarifa zikaja za wapiganaji waliopigwa risasi kadhaa na bado wakafika karibu na kuua kwa panga. Mwaka 1904 John T. Thompson, afisa wa idara ya silaha, na Louis LaGarde, daktari wa jeshi, walipewa kazi ya kutafuta risasi bora ya bastola. Walizijaribu risasi za vipenyo mbalimbali kwenye maiti za watu na kwenye ng'ombe hai katika machinjio ya Chicago. Walipendekeza kaliba isiyopungua .45, na kutoka hapo ikazaliwa bastola ya mwaka 1911.

Pendekezo hilo limenukuliwa mno, lakini wanaolinukuu hawaelezi ushahidi wake ulikuwa wa namna gani. Ng'ombe walipigwa kwa mpangilio ambao haukulingana kutoka mnyama mmoja hadi mwingine, wengine kwa risasi moja moja na wengine kwa mfululizo, na baadhi yao walimalizwa kwa nyundo. Maiti zilitundikwa, na watazamaji wakakadiria kwa macho namna zilivyoyumba zilipopigwa, kipimo ambacho, kama tulivyoona juu ya msukumo wa risasi, hakielezi lolote kuhusu mtu aliye hai. Thompson na LaGarde wenyewe walikuwa waangalifu kuliko wafuasi wao. Waliandika kuwa risasi ya bastola haiwezi kutegemewa isipokuwa ikipiga sehemu nyeti za mwili, na wakasisitiza kuwa askari wafundishwe kulenga bila kuchoka. Sehemu hiyo ya taarifa yao ndiyo ninayoiona kuwa na thamani ya kudumu, nayo imesahauliwa huku takwimu ya .45 ikigeuzwa kuwa karibu sheria.

Miaka 24 baadaye jeshi hilo hilo lilifanya majaribio mengine ambayo matokeo yake yalikwenda kinyume na matarajio ya wengi. Mwaka 1928 nguruwe waliotiwa ganzi walipigwa kwa risasi za bunduki za kaliba tatu: .256, .276 na .30. Katika umbali mfupi iliyojeruhi vibaya zaidi ilikuwa ile ndogo kuliko zote. Bodi iliyosimamia kazi hiyo iliona kuwa kaliba zote tatu zinatosha kwa vita, na ile ya .276 ikapendekezwa kwa bunduki mpya ya kujipakia. Mwaka 1932 Douglas MacArthur, aliyekuwa mkuu wa majeshi, aliikataa. Kwa sehemu kubwa alizingatia hazina kubwa ya risasi na mashine za kaliba ya .30 zilizokuwapo tayari. Simlaumu kwa uamuzi huo, maana fedha zilikuwa adimu na ghala lilikuwa limejaa. Linalonishangaza ni kwamba baada ya vita kuu vya pili watu walianza kuusimulia uamuzi wa kibajeti kana kwamba ulikuwa ushahidi wa ubora wa risasi.

Kwa nini risasi ndogo iliwajeruhi nguruwe kuliko kubwa? Maelezo kamili yalitolewa miongo mitano baadaye na Martin Fackler, daktari wa upasuaji wa jeshi la Marekani aliyeongoza maabara ya majeraha ya risasi huko San Francisco katika miaka ya 1980. Alipiga risasi ndani ya mapande ya jelatini iliyochanganywa kwa kiwango maalumu na kupozwa kwa nyuzi joto 4, ambayo aliilinganisha kwanza na misuli ya nguruwe ili ahakikishe kuwa kina cha kupenya kinafanana. Kisha akachora, kwa kila risasi, ramani ya uharibifu kutoka inapoingia hadi inapoishia. Alitenganisha mambo mawili: tundu la kudumu, yaani nyama iliyopondwa na kupotea, na tundu la muda, yaani nyama iliyotanuliwa kwa sehemu ndogo ya sekunde kisha ikarudi. Misuli na mapafu huvumilia kutanuliwa, kwa sababu vinanyumbuka. Ini na ubongo havivumilii. Na nyama iliyokwisha kutobolewa kwa vipande vya risasi, ikitanuliwa, huchanika vibaya zaidi kuliko ambayo haijatobolewa.

Ramani hizo zinaonyesha waziwazi mipaka ya hoja ya kaliba. Risasi yenye ncha kali huruka vizuri hewani kwa sababu inazunguka, lakini ikiingia katika kitu kizito kama mwili hupoteza uthabiti, hugeuka ubavu, na mwishowe hutangulia kwa kitako. Ikiwa ubavu ndipo inapoharibu sana. Swali ni inageuka baada ya kusafiri sentimita ngapi. Risasi ya Kisovieti ya milimita 7.62 ya bunduki ya AK-47, yenye kiini cha chuma, ilisafiri takriban sentimita 26 katika jelatini kabla ya kugeuka kwa kiasi kikubwa. Kifua cha mtu mwembamba hakifiki kina hicho, na ndiyo maana madaktari waliohudumia majeruhi wa AK-47 mara nyingi waliona majeraha yasiyotofautiana sana na ya bastola, pale ambapo mfupa haukuguswa. Risasi ya Yugoslavia ya bunduki hiyo hiyo, ya kaliba hiyo hiyo, iliyojazwa risasi-madini na kukatwa kitako bapa, iligeuka baada ya sentimita 9 hivi. Bunduki ni moja na kipenyo ni kimoja, lakini jeraha ni tofauti kabisa.

Mfano wa pili una nguvu zaidi. Risasi ya NATO ya milimita 7.62 iliyotengenezwa Marekani ilisafiri sentimita 15 kabla ya kugeuka, na ilibaki nzima. Iliyotengenezwa Ujerumani Magharibi, kwa vipimo vile vile vya NATO lakini kwa gamba jembamba la chuma, iligeuka mapema, ikavunjika katikati, na kuacha jeraha kubwa zaidi kwa kiasi kikubwa. Askari wawili wa muungano mmoja, wakipiga kwa kaliba iliyoandikwa kwa tarakimu zile zile kwenye sanduku, walikuwa wamebeba silaha mbili tofauti. Jedwali lolote linalotoa alama moja kwa "7.62" haliwezi kuuona ukweli huo. Ndiyo sababu siziamini kanuni za kihesabu zilizotungwa kuipa kila kaliba namba yake ya nguvu, kama ile ya Julian Hatcher ya kabla ya vita kuu vya pili, iliyozidisha msukumo kwa upana wa risasi na kwa umbo la ncha. Hatcher alikuwa mtaalamu mahiri wa silaha, lakini kanuni yake haina mahali pa kuingiza kina, kugeuka wala kuvunjika.

Sasa tuje kwenye milimita 5.56, ambayo imelaumiwa kuliko risasi nyingine yoyote ya kijeshi. Ile ya awali, iliyopelekwa Vietnam na bunduki ya M16 katika miaka ya 1960, ilikuwa na gramu 3.6 na kasi ya karibu mita 990 kwa sekunde. Ilipogeuka ubavu kwa kasi kubwa, gamba lake lilishindwa kustahimili na risasi ikavunjika, sehemu ya mbele ikibaki pande moja na ya nyuma ikisambaa vipande vingi. Hayo yanahitaji kasi ya takriban mita 820 kwa sekunde wakati wa kugonga. Chini ya hapo risasi huinama au hubaki nzima, na jeraha hupungua sana. Kwa mtutu wa awali wa sentimita 51 kasi hiyo ilidumu hadi mita 150 au 200. Majeshi yalipohamia kwenye bunduki fupi ya M4, yenye mtutu wa sentimita 37, risasi ilianza safari ikiwa na kasi ndogo, na umbali ambao inavunjika kwa uhakika ukapungua karibu nusu.

Juu ya hapo, mwaka 1980 NATO ilichagua risasi nzito kidogo ya Ubelgiji yenye ncha ya chuma ndani. Lengo lilikuwa kutoboa kofia ya chuma umbali wa zaidi ya mita 500, hitaji lililotokana na hofu ya vita vikubwa barani Ulaya na matumizi ya bunduki za rashasha nyepesi. Risasi hiyo ndiyo waliyokuwa nayo askari wa Marekani Mogadishu mwaka 1993, na baadaye Iraq na Afghanistan, ambako baadhi yao walisimulia kuwa iliwapita wapinzani bila kuwaangusha. Nayachukua masimulizi hayo kwa uzito, kwa sababu yanalingana na maumbile ya risasi ile: iliundwa kwa ajili ya chuma cha mbali, ikapigwa kutoka mitutu mifupi, kwa watu wembamba wasiovaa kinga, na tabia yake ya kugeuka ilitofautiana kutoka risasi moja hadi nyingine kulingana na pembe ndogo iliyogongea. Lakini tazama makosa hayo yako wapi. Liko la hitaji lililokwisha muda wake, la mtutu uliokatwa na la muundo wa ndani wa risasi. Jeshi la Marekani lilipoleta risasi mpya ya milimita 5.56 mwaka 2010, halikuongeza hata sehemu ya milimita katika upana wake. Lilibadili kiini na ncha ili utendaji usitegemee pembe ya kugonga, na tatizo kubwa likashughulikiwa bila kugusa kaliba.

Wasovieti walikuwa wametambua jambo hilo mapema. Walipohamia milimita 5.45 kwa bunduki ya AK-74, waliacha nafasi tupu ndani ya ncha ya risasi, hivyo uzito ukakaa nyuma na risasi ikageuka mwilini baada ya takriban sentimita 7 tu. Nishati yake ni takriban juli 1,350, ilhali ile ya AK-47 ni takriban juli 2,000. Aliye na nishati pungufu kwa theluthi moja ndiye aliyejeruhi mapema zaidi.

Hata hivyo, kumtazama mtu mmoja aliyekwisha kupigwa ni kutazama nusu ya suala. Jeshi linanunua uwezo wa kikosi kizima, na hapo uzito unaingia. Risasi nzima ya 5.56, pamoja na ganda na baruti, ina takriban gramu 12. Ile ya 7.62 ya NATO ina takriban gramu 24. Kwa mzigo ule ule askari hubeba mara mbili, na bunduki haimpigi teke kubwa begani, kwa hiyo anarudi haraka kwenye shabaha kwa risasi ya pili. Mwaka 1952 taarifa mbili za utafiti wa jeshi la Marekani, ya Donald Hall na ya Norman Hitchman, zilifikia mwelekeo mmoja. Askari wa kawaida vitani hupata shabaha kwa nadra sana zaidi ya yadi 300, hivyo risasi nyepesi zaidi ingeongeza idadi ya wanaopigwa bila kupoteza chochote cha maana. Waingereza walikuwa tayari na bunduki ya kaliba ya .280 iliyofuata fikra hizo. Marekani ikashikilia risasi ya nguvu kamili, NATO ikapitisha 7.62 mwaka 1954, na bunduki ya M14 iliyofuata ikathibitika kuwa haidhibitiki mikononi mwa askari ikifyatuliwa mfululizo. Baada ya miaka kumi hivi Marekani yenyewe ilikuwa inanunua M16. Naona uamuzi wa 1954 kuwa mfano mbaya kuliko yote wa jeshi kuchagua nguvu ambayo askari wake hawakuweza kuitumia, tena utafiti wa kulionya ulikuwa umekwisha kuandikwa.

Wapo wanaojibu kwa kuitaja Afghanistan, ambako mapigano yalifanyika mara nyingi kutoka mlima hadi mlima, katika umbali wa mita 500 na zaidi. Hoja yao ni ya kweli. Umbali huo risasi ndogo imepoteza kasi, inapeperushwa na upepo, na haina kinachobaki cha kujivunia. Ila jibu la hali hiyo lilikwisha kuwamo ndani ya kikosi: bunduki ya rashasha ya 7.62 na mlenga shabaha mwenye darubini. Kumpa kila askari risasi nzito kwa sababu wachache wanahitaji kupiga mbali ni kuwalipisha wote gharama ya kazi ya wachache. Na katika umbali huo kikwazo kikubwa ni kumpata adui kwanza. Kwa risasi iliyompita pembeni kwa nusu mita, upana wa milimita mbili zaidi haubadili kitu.

Kuhusu bastola sina mengi. Kwa risasi zenye gamba zima, tofauti ya milimita 9 na .45 ni ndogo: nishati zao zinakaribiana, na tundu moja ni pana kidogo kuliko lingine. Polisi ndio waliotoa somo kubwa zaidi. Tarehe 11 Aprili 1986, huko Miami, risasi ya milimita 9 ilimwingia mshukiwa kupitia mkono hadi kifuani, ikasimama kabla ya kufika moyoni, na mtu huyo akaendelea kupiga mpaka maafisa wawili wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, wakafa. Shirika hilo lilihamia kaliba kubwa zaidi, lakini pia likaweka kipimo cha kina, kwamba risasi ipenye angalau sentimita 30 za jelatini. Kipimo hicho ndicho kilichobaki. Watengenezaji walipojifunza kukitimiza kwa milimita 9, FBI ilirudi kwenye milimita 9 katikati ya miaka ya 2010, kwa kuwa maafisa wake walilenga vizuri zaidi nayo.

Mjadala umefufuka sasa kwa sababu ya milimita 6.8. Aprili 2022 jeshi la Marekani lilichagua bunduki ya SIG Sauer inayotumia risasi ya milimita 6.8 kwa 51 (namba ya pili ni urefu wa ganda), yenye ganda la metali mbili, kitako chake kikiwa cha chuma ili kistahimili shinikizo kubwa kuliko la risasi za kawaida. Baadhi ya waandishi wameusherehekea uamuzi huo kama ushindi wa nguvu ya kusimamisha. Nadhani wamekosea. Kilichosukuma uamuzi huo ni fulana za kuzuia risasi zenye mabamba magumu, ambazo majeshi mengine makubwa yanaweza kuwavisha askari wao. Kutoboa bamba na kujeruhi mwili ni kazi mbili zinazovutana. Kiini kigumu kinachopita katika bamba ndicho kile kile kinachoelekea kupita mwilini kikiwa kizima, na muundo unaovunjika haraka mwilini ndio unaosagika juu ya bamba. Shinikizo kubwa hununua kasi ya kufanya kazi zote mbili kwa kiasi fulani, lakini bei yake hulipwa na anayebeba. Kwa magazini saba, askari wa M4 hubeba risasi 210. Mwenye bunduki mpya hubeba 140, na bunduki yenyewe ni nzito zaidi hata kabla ya kufungwa kizuia sauti.

Inawezekana bei hiyo ikastahili kulipwa. Adui anayevaa bamba linaloikinza kabisa 5.56 anaufanya wingi wa risasi usiwe na maana kifuani pake, ingawa bamba halifuniki nyonga, mapaja, mabega wala uso, na sehemu kubwa ya majeraha ya vita hutokana na mizinga na vilipuzi. Ninachodai ni kwamba hesabu ifanywe wazi. Jeshi lolote linalofikiria kufuata njia hiyo lipime mambo haya kwa bunduki na mitutu ambayo askari wake watabeba kweli: kasi ya risasi katika mita 100, 200 na 300, kina inachosafiri kabla ya kugeuka, tofauti kati ya risasi moja na nyingine kutoka sanduku moja, na idadi ya shabaha ambazo askari aliyechoka anazipata kwa dakika moja akiwa na mzigo wake kamili mgongoni. Kipimo hicho cha mwisho ndicho kigumu zaidi kukifanya, ndicho kinachoachwa mara nyingi, na kama 6.8 itashindwa popote, naamini itashindwa hapo.